Unataka kuhamia mji wa jangwani? Anza kwa kupanga masaa yako

Ukimwambia mtu unahamia mji wa jangwani swali la kwanza ni lilelile, joto utaliweza? Mi naona swali lenyewe limekaa vibaya. Joto la digrii 45 ukiwa ofisini kwenye AC umevaa sweta ni stori tu ya kupiga picha simu yako na kuwatumia ndugu, joto hilohilo ukiwa juu ya paa unafunga nondo au upo kwenye pikipiki unasambaza mizigo linaweza kukuua kabla ya magharibi. Kwa hiyo kabla hujaanza kuandika faida huku na hasara kule, chukua karatasi uandike siku yako saa kwa saa toka unaamka mpaka unalala, halafu jiulize, mwezi wenye joto kuliko yote, saa nane mchana, we utakuwa wapi na utafikaje hapo. Mengine yote nitakayoandika hapa yanarudi kwenye hiyo karatasi.

Jua kwanza ni jangwa gani

Watu wakisikia jangwa wanaona mchanga na ngamia, ila kinachofanya sehemu iitwe jangwa ni mvua, ikiwa chini ya milimita 250 hivi kwa mwaka basi ni jangwa hata kama baridi inakung'ata. Lima mji mkuu wa Peru upo jangwani, mamilioni ya watu wanaishi pale, na kuna miezi wingu la kijivu halitoki kabisa na ukungu unalowesha kioo cha gari lakini mvua ya maana hamna, sababu ni mkondo wa maji baridi unaopita baharini hapo pembeni. Swakopmund kule Namibia hivyohivyo, unavaa jaketi ufukweni huku matuta ya mchanga yapo nyuma yako. Sasa mtu aliyekaa Lima na mtu aliyekaa Riyadh wote watakwambia "nimeishi jangwani" na wote wanasema kweli, ila ushauri wa mmoja hautamfaa mwenzake hata kidogo, kwa hiyo ukiomba ushauri uliza kwanza mtu alikaa wapi.

Kwenye ile miji ya joto napo kuna mafungu mawili na hapa ndo wengi wanateleza. Kuna joto kavu kama Phoenix na Las Vegas kule Marekani, au Riyadh, na kuna joto la pwani kama Dubai, Doha, Jeddah ambako bahari ina joto na hewa imejaa unyevu. Kwenye joto kavu jasho linakauka kabla hujaliona, linakupoza kweli, ila unapoteza maji mengi bila kujua mpaka kichwa kianze kugonga. Kwenye joto la pwani jasho linatiririka tu, halikauki, kwa hiyo halikupozi, na hata saa nne usiku ukitoka nje miwani inajaa mvuke. Digrii 40 ya pwani na digrii 40 ya bara sio kitu kimoja, kwa hiyo ukiangalia apu ya hali ya hewa usisome joto peke yake, soma na unyevu.

Hii inaingia mpaka kwenye pesa. Kile kipoza hewa cha maji kinachovuta hewa kupitia pedi zilizolowa kinakula umeme kidogo sana kulinganisha na AC na kwenye mji mkavu kinafanya kazi safi, ukikipeleka mji wa pwani msimu wa unyevu umejiwekea mvuke wa sufuria chumbani. Nishaona mtu amehama nacho kutoka mji mmoja kwenda mwingine, amelipia na usafiri, kimeishia kuwa stendi ya tivii.

Raha zake zipo, tusidanganyane

Ukavu una utamu wake. Unafua, unaanika, unarudi ndani kunywa chai, nguo tayari. Kabati halina harufu ya unyevu, viatu haviotei kuvu, chuma hakishiki kutu ovyo, na kama unabisha angalia jeshi la Marekani, maelfu ya ndege zao za zamani zimepangwa nje kabisa bila paa kule Tucson, Arizona, kwa sababu hewa ni kavu na ardhi ni ngumu kiasi kwamba ndege inakaa bila kumwagiwa zege chini. Ndo maana pia gari lililotumika sehemu kavu bodi unaikuta nzima, ila usishangilie mapema, kagua mipira ya milango, dashibodi, matairi na rangi ya juu maana kutu ilichoacha jua limekula. (Hii ya kutu usiipeleke miji ya pwani, kule chumvi ya bahari inafanya kazi yake kama kawaida.)

Mbu ni wachache, labda ukae karibu na bustani inayomwagiliwa kila siku au bwawa lisilotunzwa. Kupanga mambo ni rahisi, ukisema mechi Jumamosi ni Jumamosi, hakuna kuangalia mawingu. Halafu kuna ile miezi minne mitano ya baridi ambayo watu wa sehemu zingine wanalipa nauli kuja kuikaa, mchana jua la upole, usiku unajifunika blanketi. Ukiwa na paa lako mwenyewe paneli za sola zinalipa, ila elewa paneli inapenda mwanga haipendi joto, kila digrii inayozidi 25 kwenye paneli yenyewe inakupunguzia uzalishaji kidogo, kama asilimia 0.3 mpaka 0.5, na vumbi likikaa juu bila kufutwa linakula tena, kwa hiyo ule mpango wa "nikifunga nimesahau" uondoe kichwani.

Kuhusu kifua na mzio nenda taratibu. Zamani kule Marekani wagonjwa wa kifua kikuu walikuwa wanapelekwa miji mikavu kama Tucson kwa ajili ya hewa, watu wakaongezeka, wakapanda miti na nyasi walizozoea makwao, chavua ikajaa hewani mpaka miaka ya 1980 ikabidi mamlaka za pale zizuie uuzaji wa baadhi ya miforsadi na mizeituni. Kwa hiyo mtu akikuhakikishia pumu yako itapona jangwani mwambie aje na yeye alipie dawa.

Joto lenyewe sasa

Mwaka 2023 Phoenix walikaa siku 31 mfululizo joto la mchana likiwa digrii 43 au zaidi, na kibaya hata sio mchana, kuna usiku wa Julai mwaka huohuo joto halikushuka chini ya digrii 36. Watu wanadhani jangwani usiku lazima kuwe na baridi, kweli, ukiwa nje huko porini, mchanga unapoa haraka. Mjini lami na zege vinanyonya jua mchana kutwa halafu usiku vinaanza kulirudisha, na AC zenyewe zinatema joto mtaani, kwa hiyo mwili haupati muda wa kupumzika. Kaunti ya Maricopa, ambako ndiko Phoenix ilipo, ilihesabu vifo 645 vya joto mwaka huo. Karibu nusu walikuwa watu wasio na makazi, na kati ya waliofia ndani wengi ni kesi ya AC mbovu au iliyozimwa. Rudi kwenye karatasi yako sasa, unaona ninachosema? Mji uleule, wiki ileile, mwingine alikuwa analalamika AC ya maktaba ni kali sana.

Kama kazi yako ni ya nje basi usisaini chochote kabla ya kuuliza ratiba ya kiangazi. Kuna nchi zimeweka sheria, mfano Falme za Kiarabu kazi za juani zinasimamishwa kuanzia saa sita na nusu mpaka saa tisa mchana, toka Juni 15 hadi Septemba 15. Ni nzuri lakini angalia vizuri, saa nne asubuhi haimo humo na saa kumi jioni haimo, na zote mbili zinachoma. Uliza wanaanza saa ngapi, kivuli kipo, maji ya baridi yanaletwa na nani, na basi la kuwarudisha kambini lina AC au lina madirisha tu. Mwajiri anayejibu haya bila kununa ni dalili nzuri kuliko hata mshahara aliouandika.

Na siku za kwanza usijifanye mwamba. Mwili unahitaji kama wiki moja mpaka mbili kuzoea, unajifunza kutoa jasho mapema na kupoteza chumvi kidogo, kwa hiyo anza na kazi nusu, ongeza kidogo kidogo. Wageni wa wiki ya kwanza ndo wanaodondoka sana, sio kwamba ni wadhaifu, ni wapya tu.

Kukagua nyumba

Hapa ndo nataka ukae kidogo maana nyumba mbaya jangwani inakula mshahara wako wote bila kelele. Usiende kuiangalia asubuhi, dalali atapenda uende asubuhi, nenda saa kumi jioni. Weka kiganja kwenye ukuta wa upande wa magharibi kwa ndani, ukikuta una joto kama birika basi chumba hicho usiku hutalala bila AC kunguruma mpaka alfajiri. Ghorofa ya juu kabisa chini ya paa nayo ni hivyohivyo, kodi yake mara nyingi ni ndogo na sasa unajua kwa nini. Vioo vikubwa kuanzia chini mpaka juu ni vizuri kwenye picha, ila ni oveni, nyumba nzuri jangwani ina madirisha madogo, kuta nene na kivuli. Wazee wa Yazd kule Iran walilijua hili kabla ya umeme, nyumba za udongo mnene, vichochoro vyembamba ambavyo kuta zenyewe zinapeana kivuli, na ile minara ya kunasa upepo juu ya paa na kuushusha ndani, mpaka UNESCO wakauweka mji wao wa kale kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2017. Hutapata mnara wa upepo kwenye apatimenti ya kupanga lakini wazo ni lilelile, zuia jua kabla halijagusa kioo, pazia la nje au kivuli cha mti kinafanya kazi kuliko pazia la ndani maana likishapita kioo limeshaingia.

Omba kuona bili za umeme za miezi mitatu ya kiangazi, sio wastani wa mwaka, wastani unaficha. Uliza AC ina miaka mingapi na ikiharibika fundi anakuja ndani ya muda gani, na iandikwe kwenye mkataba, kwa sababu AC ikifa katikati ya kiangazi mji mzima unatafuta fundi siku hiyohiyo. Mi yangu ilikufa Alhamisi mchana, mwenye nyumba akapokea simu Jumapili. Kuna majengo ubaridi unatoka kwenye mtambo mmoja wa pamoja na unalipiwa bili yake peke yake mbali na umeme, uliza kama umo ndani ya kodi au ni juu yako, wengi wanakuja kujua mwezi wa kwanza. Na filta safisha mwenyewe, kila wiki mbili tatu msimu wa vumbi, ni dakika kumi na inakuokolea hela ya fundi.

Halafu tembea kwa miguu kutoka mlangoni mpaka kituo cha basi au duka la karibu. Kama hakuna kivuli njia nzima basi hiyo ramani inayosema dakika nane ni uongo, lami ikipigwa na jua inapita digrii 70, ndala zinalainika, mtoto akianguka akaweka mikono chini anaungua kweli sio utani. Na kama una mbwa mtembeze alfajiri, yeye hana viatu.

Maji yanatoka wapi?

Swali hili wageni hawaulizi kwa sababu ukifungua bomba yanatoka. Las Vegas karibu asilimia 90 ya maji yao ni ya Mto Colorado kupitia ziwa moja, Lake Mead, ndo maana wanasafisha karibu maji yote yanayotoka ndani ya majumba na kuyarudisha ziwani, na jimbo la Nevada likapitisha sheria mwaka 2021 ya kung'oa nyasi za mapambo ambazo hakuna anayezikanyaga. Riyadh ipo katikati ya nchi lakini inakunywa maji ya bahari yaliyotolewa chumvi pwani na kusukumwa kwa mabomba mamia ya kilomita. We kama mpangaji huwezi kubadilisha hayo, unachoweza ni kujua jengo lako lina tanki la ukubwa gani, linasafishwa lini, na huduma ikikatika mtakaa siku ngapi. Weka akiba ya kunywa ya siku tatu ndani, isikae kwenye buti la gari.

Maji ya bomba sehemu nyingi ni magumu, birika linaota magamba meupe, nywele zinakuwa kama ufagio, vichwa vya bafuni vinaziba. Siki inatoa magamba. Na kuna ujanja mmoja wa wenyeji ambao nilichelewa kuujua, tanki likiwa juu ya paa kiangazi bomba la baridi linatoa maji ya moto ya kuchomea kuku, kwa hiyo hita ya bafuni inazimwa kabisa, maji yanakaa ndani ya hita kwenye ubaridi wa nyumba, yanapoa, basi unaoga kwa bomba la moto ndo unapata maji ya baridi. Ukisahau hita imewaka pole.

Mwili

Usisubiri kiu. Angalia mkojo, ukiwa mweupe kama maji ya limao upo sawa, ukiwa rangi ya chai umechelewa, na usishangae kusikia watu wengi wanasumbuliwa na mawe ya figo sehemu hizi. Ukifanya kazi ya jasho kutwa maji matupu hayatoshi, chumvi nayo imetoka, kula chakula kamili au changanya yale maji ya chumvi na sukari ya kwenye pakti. Vaa nguo nyepesi za mikono mirefu zisizobana, kofia pana, paka losheni ya jua hata kama ngozi yako ni nyeusi, midomo na pua vipake mafuta maana vitapasuka na pua itatoka damu usiku mmoja utashtuka bure. Kichekesho ni kwamba miji ya jua hivi watu wengi wanapungukiwa vitamini D, kwa sababu wanalikimbia jua mwaka mzima, kwa hiyo zile asubuhi za msimu wa baridi toka nje.

Hili la feni lishike. Shirika la Afya Duniani linasema feni itumike joto likiwa chini ya digrii 40, likizidi hapo feni inakupulizia joto mwilini badala ya kukupoza, kwa hiyo AC ikifa usijifungie na feni ukidhani umejiokoa, jimwagie maji au nenda maktaba, msikitini, kanisani, dukani, popote penye ubaridi. Na mtu akianza kuongea vitu visivyoeleweka, kuyumba, au kuzimia kwenye joto, hiyo sio uchovu, mwili umepita digrii 40 na ubongo unapikwa, piga simu ya dharura na wakati unasubiri mvue nguo za juu, mmwagie maji, mpepee, barafu kwapani na shingoni. Usimlazimishe kunywa kama hajitambui. Na mtoto haachwi kwenye gari, hata dakika tano, hata kivulini.

Vumbi, na mvua ambayo hamkuitarajia

Dhoruba ya vumbi inakuja kama ukuta, unaiona ikija, Khartoum wanaiita habubu na jina likasafiri mpaka Arizona. Ukiwa unaendesha toka kabisa nje ya barabara, zima taa zote, ondoa mguu kwenye breki, kwa sababu dereva wa nyuma akiona taa zako nyekundu anadhani ndo barabara inapita hapo anakuja kukugonga. Nyumbani funga madirisha, taulo lenye maji chini ya mlango. Kusini magharibi mwa Marekani kuna kuvu inaishi kwenye udongo na inapanda na vumbi kuingia mapafuni, homa na kikohozi cha wiki nyingi, kwa hiyo ukiumwa mafua yasiyoisha mwambie daktari umetokea huko, hasa ukiwa umeshahama maana daktari wa mji mwingine hawezi kuotea.

Mvua nayo, utacheka, ndo imewaumbua wengi. Ardhi ngumu hainyonyi, mitaro haipo au imejaa mchanga, basi inanyesha masaa mawili tu mji unakuwa ziwa. Aprili 16, 2024 Falme za Kiarabu zilipata mvua kubwa kuliko zote toka waanze kuweka kumbukumbu mwaka 1949, sehemu moja ya Al Ain ilipata zaidi ya milimita 250 ndani ya siku isiyotimia, yaani ile mvua ya mwaka mzima inayogawa jangwa na lisilo jangwa ilimwagika kwa mara moja, na uwanja wa ndege wa Dubai ndege zikawa zinakata maji kama boti. Kwa hiyo usipange nyumba bondeni kwenye korongo kavu hata kama mtu anaapa halijapitisha maji miaka kumi, na usiendeshe gari kuvuka maji usiyoona chini yake.

Nge wapo kwenye baadhi ya miji, kung'uta viatu asubuhi, na ukitaka kuwatafuta nunua kurunzi ya UV, ile ya mwanga wa zambarau, usiku wanang'aa kijani kama stika.

Kabla hujasaini

Nenda ukae wiki mbili, na uende mwezi mbaya kuliko yote, sio Desemba. Kila mtu anapenda mji wa jangwani Desemba. Panda basi atakalopanda mtu wa mshahara wako, tembea ile njia ya kituoni saa nane mchana, lala chumba ambacho AC umeiweka kwenye digrii utakayoweza kulipia sio ile ya hotelini. Kama huwezi kwenda kabla, omba mkataba wa miezi sita unaoanza mwanzo wa joto, mwenye nyumba atajaribu kukupa wa mwaka unaoanza msimu mzuri, kataa, au omba kipengele cha kuvunja mkataba ambacho AC ikikaa mbovu zaidi ya siku mbili unaondoka na amana yako.